Mbu na Hesabu

Msomaji mpenzi, watu wengi hudhani kuwa hesabu ni elimu ya dukani na shambani tu. Mwenye duka huhesabu fedha zake jioni, mkulima hupima ekari zake, seremala hupima mbao zake, na kazi ya hesabu imekwisha. Mwanafunzi naye, akichoshwa na milinganyo ubaoni, huuliza kwa uchungu, “Mambo haya yatanifaa nini nikisha kutoka shuleni?” Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila niulizwapo hukumbuka dawati tupu. Nilianza kazi ya ualimu katika shule iliyo karibu na ziwa, na kila masika yalipokwisha rejesta ya darasa langu ilijaa alama za watoto wasiokuja. Sikuwa na haja ya kuuliza sababu. Walikuwa wamelala makwao, wakitetemeka chini ya mablanketi katika jua la mchana. Mmoja wao hakurudi tena.

Katika kurasa hizi nataka kukusimulia habari za watu walioshika kalamu na karatasi, na baadaye kompyuta, wakapigana na ugonjwa ule ule uliolifanya dawati lile kuwa tupu. Hawakuua mbu hata mmoja kwa kalamu zao. Lakini walitufundisha wapi pa kumpiga mbu, lini, na kwa kiasi gani. Habari yao ina ushindi ndani yake, nayo ina makosa. Na makosa yao yana mafunzo yasiyopungua yale ya ushindi.

Kwa karne nyingi watu waliamini kuwa malaria huletwa na hewa mbaya itokayo mabwawani. Hata jina lenyewe limetoka katika maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Tarehe 6 Novemba, 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliyekuwa akifanya kazi mjini Constantine katika nchi ya Algeria, alitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini, akaona vimelea vyenye uhai vikijongea ndani yake. Ikajulikana kuwa ugonjwa huu si kazi ya hewa. Lakini vimelea hivyo viliingiaje katika damu ya mtu?

Jibu lilipatikana Bara Hindi. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyezaliwa huko huko Bara Hindi mwaka wa 1857, alipasua matumbo ya mbu mmoja baada ya mwingine, katika joto na jasho, mpaka macho yakamuuma. Tarehe 20 Agosti, 1897, mjini Secunderabad, aliona vimelea vikikua katika ukuta wa tumbo la mbu wa jamii ya anofelesi aliyekuwa amenyonya damu ya mgonjwa. Mwaka uliofuata alionyesha, kwa kutumia ndege wenye malaria yao, kuwa vimelea husafiri mpaka katika tezi za mate ya mbu, na kutoka hapo huingia katika mwili mwingine mbu anapouma. Mwaka huo huo wataalamu wa Italia, na mmoja wao ni Giovanni Battista Grassi, walithibitisha njia hiyo kwa malaria ya binadamu. Ross alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1902, na Laveran akapewa yake mwaka wa 1907.

Labda wadhani kuwa vita vilikwisha hapo. Mwenye hatia amejulikana. Limebaki la kumwadhibu. Ross mwenyewe alidhani hivyo. Alihimiza serikali zifukie madimbwi, zizibue mitaro na kumwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama ili viluwiluwi vya mbu vife. Lakini wengi walimpinga. Huko Mian Mir, kambi ya askari iliyokuwa karibu na mji wa Lahore, kazi ya kupunguza mbu ilianzishwa mwaka wa 1901, na baada ya jasho jingi mbu walikuwapo bado na homa ilikuwapo bado. Wapinzani wakapata hoja. Wakasema: “Mbu hawana idadi. Ukiua elfu, elfu nyingine hutoka katika shamba la jirani. Madhali huwezi kuwamaliza wote, wapoteza fedha bure.”

Hoja hii, msomaji, si ya kijinga. Hata leo utaisikia barazani na sokoni. Mtu huambiwa afukie dimbwi lililo nyuma ya nyumba yake, naye hujibu, “Na yale ya mtoni nani atayafukia?” Ross aliona kuwa hoja ya namna hii haijibiwi kwa ghadhabu wala kwa maneno mazuri. Swali lenyewe lilikuwa la kiasi: je, ni lazima mbu wote wafe ndipo malaria iishe, au yatosha kuwapunguza? Na swali la kiasi hujibiwa kwa hesabu.

Bahati ilimpeleka katika kisiwa cha Mauritius. Kisiwa hicho hakikuijua malaria mpaka miaka ya 1860. Ilipoingia iliwaka kama moto katika nyasi kavu, na katika mwaka wa 1867 watu kwa maelfu walikufa. Miaka arobaini baadaye, mwaka wa 1907, Ross alitumwa huko ili ashauri namna ya kuizuia. Katika taarifa yake ya mwaka wa 1908 alitia jambo ambalo madaktari wa siku zile hawakulizoea: milinganyo ya hesabu juu ya ugonjwa wa watu. Aliipanua kazi hiyo katika kitabu chake kikubwa juu ya kuzuia malaria, kilichotoka mwaka wa 1910 na kupigwa chapa tena mwaka wa 1911.

Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja kwa njia iliyo kama ile ya Ross. Tarakimu ni zangu mwenyewe. Nimezichagua ziwe nyepesi. Fikiri kijiji cha watu 1000, ambamo mtu mmoja tu ana vimelea katika damu yake, naye atapona baada ya mwezi mmoja. Katika mwezi huo kijiji kina mbu 80,000. Si kila mbu hubahatika kumuuma mtu. Wengine huuma ng’ombe, wengine huliwa na mijusi na buibui, wengine huishia katika kiganja cha mkono. Tuseme ni robo yao tu wanaofaulu, wamebaki 20,000. Kwa kuwa mgonjwa ni mmoja katika watu 1000, basi katika mbu hao 20,000 ni 20 tu watakaomwangukia mgonjwa. Vimelea navyo vyahitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Tuseme mmoja katika kila watano ndiye afikaye. Wamebaki mbu 4. Kati ya hao, robo tena, yaani mbu mmoja, atafaulu kumuuma mtu mwingine. Basi mgonjwa mmoja amezaa mgonjwa mmoja.

Tazama maana yake. Wa kwanza akipona, wa pili yupo. Wa pili akipona, wa tatu yupo. Ugonjwa hauongezeki wala haupungui. Sasa zidisha mbu wawe 160,000 na ufuate njia ile ile: mgonjwa mmoja atazaa wawili, wawili watazaa wanne, wanne wanane, na kijiji kitawaka. Kisha punguza mbu wawe 40,000: wagonjwa wawili watazaa mmoja tu. Wakiwa 16 mwezi huu, mwezi ujao watakuwa 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1, na mwisho ugonjwa utazimika wenyewe. Lakini je, mbu wamekwisha? La! Mbu 40,000 wangali wakiimba masikioni mwa watu kila usiku. Mbu wapo, malaria haipo.

Hicho ndicho kizingiti alichokigundua Ross. Juu ya kizingiti ugonjwa hukaa. Chini yake hufa. Wapinzani wake walikuwa wakitazama mbu waliobaki, naye akawaambia watazame kizingiti. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo; Ross aliongeza kuwa gogo hili halihitaji kubanduliwa lote. Maelezo ya namna hii, yanayouweka ugonjwa wa kijiji kizima katika tarakimu ili tuone utakavyokwenda tukibadili jambo moja au jingine, wataalamu huyaita kielelezo cha hesabu. Kama vile mjenzi afanyavyo nyumba ndogo ya udongo mezani kabla ya kujenga ile kubwa, ndivyo mwenye kielelezo afanyavyo kijiji kidogo karatasini kabla ya kutumia fedha za watu.

Ross alifariki mwaka wa 1932, na wachache walikuwa wameisikiliza hesabu yake. Aliyeirithi na kuiendeleza alikuwa George Macdonald, mkuu wa taasisi mjini London iliyoitwa kwa jina la Ross. Katika miaka ya 1950 Macdonald aliuliza swali jipya. Kielelezo kina hatua nyingi: idadi ya mbu, kuuma kwao, urefu wa maisha yao, muda wa ugonjwa. Je, hatua zote zina nguvu sawa? Ikiwa nina fedha za kubadili moja tu, nibadili ipi?

Tuhesabu tena. Katika nchi yenye joto vimelea huhitaji kama siku 10 kukomaa ndani ya mbu. Chukua mbu 100. Ikiwa katika kila kumi, tisa huiona kesho, basi baada ya siku 10 watabaki kama 35. Ikiwa katika kila kumi, wanane ndio waionao kesho, hutaona tofauti kubwa kwa siku moja. Lakini baada ya siku 10 watabaki kama 11 tu. Na ikiwa ni watano katika kila kumi, baada ya siku 10 hatabaki hata mmoja katika 100. Atabaki mmoja katika kila 1000. Basi kufupisha maisha ya mbu mzima kidogo tu hushusha hatari kuliko kufukia madimbwi mengi. Kizee cha mbu ndicho chenye sumu. Mbu kijana ni msumbufu tu.

Hesabu hiyo hiyo hutueleza jambo la hapa Kenya. Katika joto la digrii 20, vimelea huchukua kama siku 28 kukomaa badala ya 10. Wale mbu 100 ambao tisa kati ya kumi huiona kesho, baada ya siku 28 watabaki 5 tu. Ndiyo sababu babu zetu waliokaa katika nyanda za juu walisumbuliwa na malaria kidogo kuliko ndugu zao wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria. Na ndiyo sababu mwaka wenye joto kuzidi huwatia hofu waganga wa nyanda hizo.

Hesabu ya Macdonald ilipata silaha ya kuitumikia. Mwaka wa 1939 Paul Müller wa Uswisi alikuwa amegundua kuwa DDT huua wadudu. Mbu akisha kunyonya damu, aghalabu hutua ukutani apumzike. Nyunyiza dawa katika kuta, naye atatua juu ya kaburi lake. Mbu hangeweza kuzeeka tena. Kitabu cha Macdonald cha mwaka wa 1957 kiliwapa watu sababu ya kutumaini; na miaka miwili kabla yake, mwaka wa 1955, mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Mexico ulikuwa umeamua kuing’oa malaria duniani.

Nchi nyingi za Ulaya na baadhi ya nchi za Asia na Amerika ziliokoka. Lakini sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara iliachwa nje ya mpango huo, ikapewa majaribio hapa na pale. Jaribio moja lilifanyika mpakani mwa nchi yetu na Tanganyika, katika sehemu za Taveta na Pare. Toka 1955 hata 1959 nyumba zilinyunyizwa dawa iitwayo dieldrini. Malaria ilipungua sana, na afya za watoto zikawa bora. Lakini haikukatika kabisa; na unyunyizaji ulipokoma, ilianza kurudi polepole. Mwaka wa 1969 Shirika la Afya Duniani likakiri kuwa kuing’oa malaria duniani kote si jambo la karibu, likabadili shabaha yake.

Je, hesabu ilidanganya? Hapana, msomaji, ila ilisomwa kwa pupa. Kielelezo kilisema kuwa ukishuka chini ya kizingiti ugonjwa utakufa. Hakikusema kuwa kizingiti kiko karibu kila mahali. Mbu mkuu wa malaria katika Afrika, anofelesi gambiae, hupenda damu ya binadamu kuliko ya mnyama, naye huishi muda wa kutosha kukomaza vimelea. Mahali ambapo mgonjwa mmoja huzaa wagonjwa kumi, au mia, kuwapunguza kwa nusu hakukuvushi kizingiti. Mtu aliye katika kisima cha pima moja na mtu aliye katika kisima cha pima ishirini, wote wakipanda pima moja, wa kwanza ametoka na wa pili yu kisimani bado.

Ili jambo hili lipimwe sawasawa, kazi kubwa ilifanywa katika wilaya ya Garki, kaskazini ya Nigeria, toka 1969 hata 1976, kwa ushirika wa serikali ya Nigeria na Shirika la Afya Duniani. Watu wa vijiji walipimwa damu mara kwa mara, mbu wakakamatwa na kuhesabiwa usiku kucha. Kisha nyumba zikanyunyizwa dawa, na katika vijiji vingine watu wote wakapewa vidonge, hata mara moja kila majuma mawili. Wakati huo huo Klaus Dietz, Louis Molineaux na Thomas walitunga kielelezo kipya, wakakitangaza mwaka wa 1974. Jambo kubwa ndani yake lilikuwa kinga. Ross na Macdonald walimhesabu mtu mzima sawa na mtoto. Lakini kila mama wa Afrika ajua kuwa malaria imwuayo mtoto mchanga humlaza babu siku mbili tu, kwa kuwa mwili wa babu umekwisha jifunza kupigana.

Tokeo la Garki lilikuwa chungu. Hata dawa ya kuta na vidonge vilipotumika pamoja, malaria ilishuka sana lakini haikukatika. Na kazi ilipokoma, ikarudi. Lakini tazama jambo jingine. Kielelezo kilipowekwa mbele ya tarakimu zilizokusanywa kijijini, vilikaribiana. Kielelezo cha malaria kilikuwa kimepelekwa mbele ya hakimu, na hakimu huyo alikuwa damu ya watu na mbu wa Afrika wenyewe. Kielelezo kisichopita mbele ya hakimu huyo ni hadithi nzuri tu.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia kwa nguvu. Macdonald mwenyewe alianza kuitumia mwishoni mwa maisha yake. Alifariki mwaka wa 1967, na kazi hiyo aliyoifanya pamoja na wenzake ikatangazwa mwaka wa 1968. Mimi na wewe tumehesabu kijiji chetu kwa kalamu kwa sababu tulimfanya kila mtu kuwa sawa na mwenziwe. Lakini kijiji cha kweli si hivyo. Kuna mtoto wa miezi sita na mzee wa miaka sitini. Kuna nyumba yenye dari na kibanda chenye matundu. Kuna anayelala ndani ya chandarua na mvuvi akeshaye ziwani. Kuna masika na kiangazi. Ukitaka kuyatia yote haya, kalamu itakwisha wino na mwandishi atakwisha umri.

Kompyuta haichoki. Hutiwa kijiji cha watu wa kubuni, kila mmoja na umri wake, kinga yake na mahali pake pa kulala. Kisha muda husogezwa mbele hatua kwa hatua, na kwa kila mtu mashine huuliza: je, ameumwa? Je, mbu alikuwa na vimelea? Je, homa imempata? Je, amepata dawa? Majibu mengine hutegemea bahati, kwa hiyo mashine hurusha dadu zake, kisha huanza kijiji upya na kurusha tena, mara elfu na zaidi, ili bahati ya siku moja isidhaniwe kuwa kanuni. Kielelezo mashuhuri cha namna hii kilitungwa na wataalamu wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto iliyo mjini Basel katika Uswisi, na habari zake zilitangazwa mwaka wa 2006. Kazi ilikuwa kubwa mno kwa mashine zao, wakaomba msaada. Na watu wengi wa mataifa mbalimbali, ambao wengine hawajaona mbu wa malaria maishani mwao, wakakubali kompyuta za nyumbani kwao zihesabu vijiji vya Afrika wao wakiwa wamelala.

Lakini rudi kidogo katika hesabu yetu ya kalamu, kwani imeficha jambo ambalo huenda hukuliona. Ile robo ya mbu wafaulao kumuuma mtu tuliitumia mara mbili: mara ya kwanza mbu alipochukua vimelea, na mara ya pili alipovitoa. Basi tukiweza kuipunguza robo iwe nusu ya robo, faida yake si mara mbili bali mara nne. Hesabu mwenyewe: mbu 80,000 watakuwa 10,000, kisha 10, kisha 2, kisha robo ya mbu. Chombo gani humzuia mbu kumuuma mtu? Chandarua. Na chandarua kikitiwa dawa, humfupishia mbu maisha pia, kama Macdonald alivyotaka.

Haya yalisemwa na hesabu. Hakimu akaitwa tena, na safari hii alikuwa Kenya. Huko Kilifi, toka 1993 hata 1995, vyandarua vyenye dawa viligawiwa katika sehemu fulani na katika nyingine havikugawiwa kwanza. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Kisha huko Asembo, kando ya Ziwa Victoria, likaonekana jambo la ajabu zaidi: watoto wasiokuwa na vyandarua, ambao nyumba zao zilikuwa ndani ya mita 300 za nyumba zenye vyandarua, walipata nafuu pia. Mbu aliyekufa katika chandarua cha jirani hakufika kwao. Hivyo mtu alalaye ndani ya chandarua hujilinda nafsi yake, na humlinda mtoto wa jirani asiyemjua.

Mwaka wa 2015 wataalamu walikadiria, kwa kielelezo cha kompyuta kilicholishwa maelfu ya vipimo vya damu, kuwa toka mwaka wa 2000 juhudi za kuzuia malaria katika Afrika zilikuwa zimeepusha mara milioni 663 za kuugua, na asilimia 68 za heri hiyo zilitokana na vyandarua. Kaa kidogo, msomaji, uifikiri tarakimu hiyo. Muuguzi huweza kumhesabu aliyeugua; nani awezaye kumhesabu ambaye hakuugua? Hana jina katika daftari la zahanati wala hakukosa darasani. Ni kielelezo peke yake kiwezacho kuweka Afrika mbili pamoja, ile iliyokuwa na ile ambayo ingalikuwa, na kutuonyesha tofauti yake. Pasipo hesabu hiyo, mwenye fedha huchoka akasema, “Nimetoa miaka yote hii, mbona sioni kitu?” Hakioni kwa kuwa alichokinunua ni kutotokea kwa msiba.

Lakini nisikudanganye. Kielelezo si nabii. Kikilishwa tarakimu za uongo hutoa uongo uliovaa kanzu nzuri. Mbu nao hawakai wakingoja kuhesabiwa. Wamejifunza kustahimili dawa tunazotia katika vyandarua, na imetangazwa kuwa anofelesi stephensi, mbu wa kutoka Asia apendaye kuzaliana katika matangi na mapipa ya maji ya mijini, ameonekana kaskazini ya Kenya. Hesabu iliyotungwa kwa mbu wa mashambani haitamtosha mgeni huyu. Ushindi nao hulindwa: Mauritius, kisiwa kile cha Ross, ilitangazwa mwaka wa 1973 kuwa haina malaria, na mwaka wa 1975 ikarudi, ikabidi kazi ianzwe upya mpaka ikashindwa tena. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa 2023 watu 597,000 walikufa kwa malaria, wengi wao watoto wadogo wa Afrika. Kila mmoja wao ni dawati ambalo halitakaliwa.

Basi ukiniuliza tena milinganyo itakufaa nini, nitakujibu hivi. Nchi zetu hazina fedha za kufanya kila jema mahali pote. Waziri ana shilingi hizi. Anunue vyandarua, au chanjo, au vidonge, au dawa ya kuta? Apeleke Homa Bay au Turkana, kabla ya masika au baada yake? Atachagua, na uchaguzi wake utaamua ni watoto gani watakaoishi. Akichagua kwa kukisia, amewarushia dadu watoto wa kweli. Akichagua kwa kielelezo kilichopita mbele ya hakimu, dadu zimerushwa kwanza ndani ya mashine, ambamo kukosea hakumuui mtu.

Na mashine hiyo hulishwa na nani? Hulishwa na muuguzi wa zahanati aandikaye kwa mwandiko safi umri wa mgonjwa na tokeo la damu yake, ijapokuwa mlolongo ni mrefu na jua linatua. Hulishwa na mhudumu wa afya wa kijijini apitaye nyumba kwa nyumba akiuliza vyandarua vingapi na watu wangapi. Hulishwa hata na mwalimu atiaye alama katika rejesta. Kielelezo kikubwa cha ng’ambo husimama juu ya kalamu ndogo za kwetu, na kalamu zikiandika ovyo, nacho huanguka. Kwa hiyo siku utakapopewa daftari la kujaza, hata liwe dogo namna gani, lijaze kwa uaminifu. Na leo usiku, kabla ya kuzima taa, chomeka chandarua chako chini ya godoro pande zote nne, uangalie na cha mdogo wako.